"Kanisa limejengwa 1872": kwa nini Kiingereza hakitaki "have" penye mwaka

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Bagamoyo, naongoza wageni Misheni, Boma na magofu ya Kaole. Kiingereza nakizungumza bila woga, ila tensi zinanitoa jasho. Shuleni tulikaririshwa kwamba -li- ni "-ed", -me- ni "have", -na- ni "-ing" na -ta- ni "will". Nafuata hivyohivyo, na bado wageni wananisahihisha. Juzi nilisimama mbele ya mnara pale Misheni nikasema: "This church has been built in 1872. Livingstone has died in 1873, Chuma and Susi have carried him. When they have reached here, the body was sleeping one night. Fathers are here since 1868. When we will reach Kaole, you will see the tombs." Mama mmoja wa Kiingereza akatabasamu, akasema historia naijua vizuri ila tensi zangu zinamchanganya. Kinachonishangaza, Wajerumani hawanisahihishi hata siku moja. Kosa liko wapi? Na je, siwezi kusimulia yote kwa wakati uliopo nikaondokana na balaa hili?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hukosei ovyo ovyo, na hiyo ni habari njema. Makosa yako karibu yote yana mzazi mmoja, naye ni hilo jedwali mlilokaririshwa. Kwa mtoto wa darasa la tatu linasaidia, walau afungue mdomo. Kwa mtu anayesimama mbele ya wageni akisimulia mambo ya karne iliyopita na ile ya kabla yake, linamwangusha, maana linachukulia kwamba Kiswahili na Kiingereza vimegawana wakati kwa mipaka ileile. Sivyo. Mipaka inapishana zaidi kwenye -me-, na huko ndiko nitakakokaa kwa muda. Mengine nitayapitia haraka.

Chukua sentensi yako ya kwanza. Kwa Kiswahili ukisema "Kanisa hili limejengwa mwaka 1872", hakuna atakayekukodolea macho. Kanisa si hilo hapo, limesimama? Ndivyo -me- inavyofanya kazi: inatazama kilichobaki baada ya tendo. Jengo lipo, basi limejengwa, na mwaka tunauongeza kama maelezo tu. Vivyo hivyo mtu husema "nimezaliwa Pangani mwaka 1990", na hana kosa, kwa kuwa aliyezaliwa ndiye huyu anayesema. Tena sisi wa Pwani tunakwenda mbali zaidi. "Jana nimemwona sokoni" ni maneno ya kila siku, hata kama mwalimu wa sarufi sanifu angependa "nilimwona".

Kiingereza hakijali sana kilichobaki. Kinauliza kwanza: muda uliotajwa umekwisha au haujaisha? Mwaka 1872 umekwisha, kwa hiyo ni "This church was built in 1872." Liwe limesimama, liwe limebomoka, ni "was built" tu. Huyo wa Pangani naye ni "I was born in Pangani in 1990", kamwe si "I have been born". Ukishatamka jana, juzi, mwaka jana, miaka mitano iliyopita, Jumatatu, enzi za Wajerumani, au tarakimu za mwaka wowote uliopita, duka limefungwa, na "have" haiuzwi tena humo.

Neno "lini" nalo ni hivyo hivyo, kwa sababu linadai tarehe. Usimuulize mgeni "When have you arrived?" Uliza "When did you arrive?"

Sasa, hiyo "have" ambayo vitabu vinaiita "present perfect", nami hapa nitaiita timilifu, inakaa wapi? Inakaa pale ambapo muda haukutajwa, au ambapo muda bado unaendelea. Mgeni akishuka garini na ukataka kuanza mazungumzo, unasema "Have you been to Tanzania before?" Hujali ni lini. Unataka kujua tu kama amewahi. Akijibu kwamba ndiyo, papo hapo unahama: "When did you come? Did you visit Zanzibar?" Mtindo huu wa kufungua kwa "have" na kuendelea kwa "did" ndio uti wa mazungumzo ya Waingereza wakikutana na mtu mgeni. Ukiuzoea huo peke yake, nusu ya tabu yako imepungua.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vyetu vya shule havilisemi. Timilifu ukiitumia kueleza aliyoyafanya mtu maishani, inamchukulia huyo mtu kuwa hai. Ukisema "Livingstone has travelled all over this region", msikilizaji anapata picha ya mzee aliye hotelini anapanga safari nyingine. Mtu aliyefariki mwaka 1873 hana tena "has". Amebaki na "travelled", "wrote", "died". Ndiyo maana "Livingstone has died in 1873" ilimgonga yule mama mara mbili kwa pigo moja: kuna mwaka, na kuna marehemu wa zamani. "He has died" inafaa kwa taarifa ya leo asubuhi, ya msiba ambao watu bado hawajaenda kuzika.

Na Wajerumani? Kwa lugha yao ya mazungumzo, mtu husema "Ich habe ihn gestern gesehen". Ukiifuata neno kwa neno ni "I have seen him yesterday". Wafaransa nao wana "J'ai vu", yenye "have" ndani yake, na wanaitumia kwa jana na kwa mwaka 1872 bila wasiwasi. Kwa hiyo sentensi zako zinapita masikioni mwao kama maji, kwa kuwa hata wao wakizungumza Kiingereza wanateleza palepale unapoteleza wewe. Bagamoyo imejaa wageni wa aina hiyo, na kijana anayejifunza kwa kusikiliza huokota kila kinachodondoka. Wasikilize, wapokee vizuri, ila kwenye tensi usiwafanye walimu wako. Waamerika ni habari nyingine tena. Wao mara nyingi husema "Did you eat yet?" na "I already saw it" mahali ambapo Mwingereza angesema "Have you eaten yet?" na "I've already seen it". Kwako wewe hiyo ni nafuu, maana "did" inapanua uwanja wake. Ukisikia hivyo usidhani wamekosea.

Tubaki kwenye -me- kidogo, kuna shimo jingine. Vitenzi vyetu vingi vya kukaa na kuwa katika hali fulani huchukua -me- tukieleza hali ya sasa hivi. Mlinzi amekaa chini ya mwembe. Mzee amevaa kanzu. Mtoto amelala. Nimechoka, nimeshiba, nimeelewa. Hakuna hata kimoja kati ya hivi ambacho Kiingereza hukieleza kwa "have". Mlinzi "is sitting", mzee "is wearing a kanzu", mtoto "is asleep", na wewe "I'm tired", "I'm full", "I understand". Ukisema "The guard has sat under the tree", mgeni anasubiri umalizie kisa. Alikaa, halafu?

Nenda nao ufukweni uone ninachosema. Maji yamejaa: "The tide is in." Maji yamekupwa: "The tide is out." Jahazi limetia nanga: "The dhow is at anchor." Jahazi limepwelewa: "The dhow is aground." Mlango wa soko umefungwa: "The gate is closed." Zote hizo kwetu zina -me-, kwao zote zina "is". Kanuni ya haraka ni hii: kama -me- yako inajibu swali "yukoje?" au "ikoje?", tumia "is" au "are". Kama inajibu "imetokea nini?", hapo ndipo ujiulize kuhusu "have". "Nimepoteza ufunguo" inajibu imetokea nini, na muda haukutajwa, basi "I've lost the key." Ukiongeza "jana", unarudi kwenye "I lost the key yesterday."

Vipi "leo asubuhi"? Hapa kuna ujanja. Ukiwa bado asubuhi, saa tatu, unaweza kusema "I have seen two groups this morning", kwa sababu asubuhi haijaisha na huenda kundi la tatu likaja. Saa tisa alasiri, asubuhi imekwisha kazi yake, ni "I saw two groups this morning." Maneno ni yaleyale, saa ndiyo iliyobadilika.

Halafu "kwenda". "Hamisi amekwenda Zanzibar" kwetu inaweza kuwa yuko huko, au amewahi kufika. Kiingereza kinatenganisha. "Hamisi has gone to Zanzibar": hayupo, usimtafute. "Hamisi has been to Zanzibar": alikwenda akarudi, unaweza kumuuliza nauli ya boti.

Tuje kwenye "Fathers are here since 1868". Kiswahili kinakuruhusu kabisa: mapadre wapo hapa tangu 1868. Wapo, wakati uliopo, hakuna ubishi. Kiingereza kinakataa. Jambo likianza zamani na likawa bado linaendelea, ndipo timilifu inapong'ara: "The mission has been here since 1868." Ukitaja mwanzo, tumia "since", ukitaja urefu wa muda, tumia "for". "I have lived in Bagamoyo since 2015." "I have been a guide for six years." Utaniuliza mwaka umeingiaje tena hapo wakati nimesema mwaka na "have" haviivi chungu kimoja. "Since" haisemi jambo lilitokea mwaka huo likaisha. Inasema lilianzia hapo na linakuja hadi tulipo. Duka bado liko wazi. Una mfano mzuri wa kuwapa wageni, maana njia ya misafara ya watumwa na pembe iliyoishia hapo kwenu imo kwenye orodha ya awali ya Tanzania huko UNESCO: "The route has been on the tentative list since 2006." Lakini: "Tanzania put it on the list in 2006." Zisome kwa sauti, moja baada ya nyingine, mpaka sikio lako lisikie tofauti.

Tahadhari moja hapo. "How long have you been here?" inamuuliza mgeni alifika tangu lini. "How long are you here for?" inamuuliza atakaa mpaka lini. Ukichanganya, atakujibu "three days" nawe hutajua kama ni siku tatu zilizopita au zilizobaki, na mpango wenu wa Kaole ukavurugika.

Sasa simulizi yenyewe. Kisa cha Chuma na Susi, wale wahudumu wa mpelelezi Livingstone walioubeba mwili wake, ukikisimulia kwa Kiswahili, utakisimulia kwa -ka-. Wakauondoa moyo wakauzika chini ya mti, mwili wakaukausha juani, wakaufunga, wakaubeba mpaka pwani. Hiyo -ka- ni mali yetu. Inabeba msimulizi bila kumlazimisha kurudia wakati kila mara, kwa kuwa ya kwanza ilishaweka wakati na zinazofuata zinajipanga foleni nyuma yake. Kiingereza hakina -ka-. Kila kitenzi kinabeba wakati wake mwenyewe, na wakati huo ni uliopita wa kawaida: "They dried the body, wrapped it and carried it to the coast." Dried, wrapped, carried. Vijana wengi huona aibu kurudia "-ed" tatu nne mfululizo, wanadhani Kiingereza kizuri kinataka mchanganyiko, ndipo wanapotia "have" hapa na "was -ing" pale kama kiungo. Usiogope kurudia. Simulizi nzima ya saa moja unaweza kuipitisha kwa wakati uliopita wa kawaida na ikawa Kiingereza safi kabisa.

Utatoka humo kwa sababu mbili tu. Ya kwanza ni pale unapotaka kurudi nyuma ya hapo simulizi ilipofika. Umeshawafikisha Bagamoyo, Februari 1874, kisha unakumbuka hujasema habari ya moyo. Hapo ndipo "had" inapoingia: "They reached Bagamoyo in February 1874. They had buried his heart under a tree in Chitambo's village." Kwetu ingekuwa "walikuwa wameuzika moyo", na hii ni sehemu mojawapo ambapo lugha zetu zinakubaliana kabisa. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873, kwa hiyo unaweza pia kusema: "When they arrived, he had been dead for almost ten months." Ukishasema "had" mara moja na msikilizaji akajua umerudi nyuma, rudi kwenye "-ed" zako uendelee. Usiburute "had" ukurasa mzima.

Sababu ya pili ni mambo yaliyokuwa desturi. Misafara ilikuwa ikifika, wapagazi walikuwa wakipumzika, wakiimba. Kiingereza kinakupa "used to": "Caravans used to arrive here from the interior." Ukishaiweka hiyo, endelea kwa "would": "The porters would rest, and they would sing." Sasa sikiliza vizuri, maana hapa Watanzania tumejijengea nyumba isiyo na kibali: "used to" ni ya zamani peke yake. "Fishermen use to go out at dawn" kwa maana ya wavuvi hutoka alfajiri, hakuna. Ile hu- yetu ya desturi ya sasa, Kiingereza huisema kwa kitenzi kikavu: "Fishermen go out at dawn." Ukimwambia mgeni "they used to go out at dawn", ataamini uvuvi umekufa Bagamoyo, akuonee huruma.

"The body was sleeping one night" ni kosa dogo lakini linachekesha, nadhani ndilo lililomfanya mama yule atabasamu. Mwili ulilala. Kwetu maiti hulala, mzigo hulala, hata gari huharibika njiani likalala. Kwao anayelala kwa "sleep" ataamka. Tumia "lay": "The body lay here for one night." Na "was lying" hapo haitakiwi. Umbo la "was -ing" liweke kwa jambo lililokuwa likiendelea jingine likaliingilia: "We were walking to the Boma when the rain started." Tulikuwa tukitembea, mvua ikaanza.

Kwa kuwa tuko kwenye mambo mazito, jambo moja la pembeni. Ukiwasimulia vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, huyo aliyenyongwa Pangani Desemba 1889, sema "He was hanged." Watu "are hanged", picha na nguo "are hung". Waingereza wenyewe wengi wanalikosea hilo, nawe ukilipatia mbele ya mwalimu mstaafu kutoka Leeds, bakshishi haitakuwa haba.

Twende "When we will reach Kaole". Hapa sikulaumu, Kiswahili ndicho kilichokuponza. "Tutakapofika Kaole mtaona makaburi": -ta- iko pande zote mbili, tuta-, mta-. Kiingereza huweka "will" upande mmoja tu, ule wa matokeo. Upande wenye "when", "if", "before", "after", "until" au "as soon as" huachwa katika umbo la wakati uliopo: "When we reach Kaole, you will see the tombs." "If it rains, we will wait in the museum." Ukitaka kujikumbusha kwa njia ya Kiswahili, fikiria -ki-: "tukifika Kaole, mtaona". Hapo -ta- imebaki upande mmoja, kama Kiingereza kinavyotaka. Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo, igeuze "tutakapofika" iwe "tukifika", kisha ndipo utafsiri.

Dada yake huyo ni "kabla". Nimeandika sasa hivi "kabla hujafungua mdomo", na hujashtuka. Kabla hatujaondoka, kabla jua halijazama. Kukanusha baada ya "kabla" ni kawaida yetu. Ukihamisha unapata "before we have not left", na mgeni anabaki kuhesabu vidole. Kiingereza hakikanushi hapo: "Before we leave, please drink some water." "Before the sun sets."

Na -nge-. Kiswahili kinapenda pacha: "ningejua ningekuambia", "ningalijua ningalikuambia". Ndiyo maana tunasema "If I would know, I would tell you." Kiingereza hakitaki pacha. Upande wa "if" kinaurudisha nyuma hatua moja: "If I knew, I would tell you." Ikiwa jambo limeshapita na halina dawa: "If I had known, I would have told you." Si kwamba "knew" hapo ina maana ya jana. Inaonyesha tu kwamba jambo halipo. Hilo likikuvuruga, liache kwanza. Mwongoza wageni anaweza kufanya kazi mwezi mzima bila kulihitaji, akiacha siku gari lilipochelewa.

Kwenye "-ing" nitasema machache. -na- yetu hubeba mambo mawili, ninachofanya sasa hivi na ninachofanya siku zote. "Naongoza wageni" yaweza kuwa kazi yako, au jibu kwa rafiki aliyekupigia simu ukiwa kazini. Kazi ni "I guide visitors." Jibu la simu ni "I'm guiding some visitors, call me later." Vitenzi vya kujua, kutaka, kuamini, kumiliki na kuelewa karibu havivai "-ing" kabisa. "I am knowing this history" na "This house is belonging to the mission" zitupe. Sema "I know", "it belongs". Na ukiwaacha wageni kivulini ukafuate tiketi, usiwaambie "I'm coming!" kwa sababu tu kwetu husema "nakuja" huku mtu anaondoka. Watakuona unatoweka huku unadai unakuja. Sema "I'll be right back."

Swali na kukanusha wengi wanakosea, lakini kwako wewe sikuona kosa, basi nagusa tu. "Did you went" na "They didn't came" hutokana na kutia wakati mara mbili. Kiswahili chako kinakukataza kosa hilohilo. Unasema "walifika", ukikanusha unasema "hawakufika". Hiyo -ku- imebeba wakati, -li- imeondoka. Hakuna "hawakulifika". "Did" ndiyo -ku- yao, ikiingia, kitenzi kinavua "-ed" yake: "They didn't come."

Maelezo yako ya mnarani, basi, yakae hivi: "This church was built in 1872. Livingstone died in May 1873, in what is now Zambia. Chuma, Susi and their companions dried his body, wrapped it up and carried it more than fifteen hundred kilometres to the coast. When they reached Bagamoyo in February 1874, he had been dead for almost ten months. The body lay here for one night. The mission has been here since 1868. When we reach Kaole, you will see the tombs." Ihesabu "have" iliyobaki. Ni moja tu, na iko kwenye sentensi ya misheni, mahali ambapo jambo bado linaendelea. Jirekodi kwa simu ukiongoza kundi lijalo, kisha usiku sikiliza ukiwinda kitu kimoja tu: kila ulipotaja mwaka, kulikuwa na "have" karibu? Usijaribu kuwinda tensi zote kumi na mbili za ubao wa shule kwa siku moja, utaishia kugugumia.

Swali lako la mwisho, la kusimulia yote kwa wakati uliopo. Inawezekana, na wasimulizi wazuri wa Kiingereza hufanya hivyo makusudi. Unafungua mlango kwanza: "It is February 1874." Ukishasema hivyo umewahamisha, na kuanzia hapo vitenzi vyako vyote ni vya sasa: "A group of men comes out of the bush. They are tired. They are carrying a long bundle." Inasisimua sana kundi likiwa dogo na jua limepoa. Masharti yake ni magumu kidogo kuliko unavyodhani. Huruhusiwi kurukaruka, sentensi moja "they carry", inayofuata "they arrived". Na maelezo makavu ya jengo hayaingii humo, kwa kuwa "This church is built in 1872" bado ni kosa. Kwa hiyo sikushauri uitumie kukimbia "-ed". Itumie kwa kisa kimoja, dakika tatu hivi, ukiwa umeshajiandaa. Wageni watakukatiza kwa maswali, na watayauliza kwa wakati uliopita: "Did they all survive?" Hapo toka kwenye kisa, ujibu kwa "-ed" kama walivyouliza: "No, some of them died on the way." Kisha sema "So, it is February 1874", uendelee ulipoachia.